Damu Iliyosafiri Ndani ya Mugomba

Samaki wa Philomène hawanuki. Hilo mutu yeyote wa soko la bandari hapa Kalemie atakuambia, hata wale wasiomupenda, na ni wengi, maana ana mudomo. Mimi nauza chumvi kwenye meza inayofuata yake, mwaka wa kumi na saba huu, na chumvi na barafu hazijawahi kupatana. Anayetia samaki chumvi hanunui barafu, na anayenunua barafu ananipita kama hanioni. Kwa hiyo nikimusifu, muamini tu. Simusifu bure.

Alizaliwa kule Kirungu, juu milimani, ambako asubuhi mutu akisema neno moshi unatoka mudomoni. Mama yake, Elisabeth, alikuwa mubebaji wa siagi: anaichukua Pepa kwa wafuga ng'ombe, anaishusha kwa miguu mpaka Moba. Philomène akashuka zaidi. Alipanda boti akiwa na miaka kumi na tisa na sanduku moja, akafika hapa, akaolewa na Ruben, mutu wa reli, kazi yake kufunga na kufungua mawago, mabehewa ya treni, pale kituoni. Ruben ni mutu wa maneno matatu kwa siku. Mengine yote anayasema muke wake, na hayapungui.

Biashara ya barafu alianza na kongelateri moja kuukuu, mashine ya kugandisha, iliyokuwa inanguruma kuliko treni. Umeme ukikatika, wengine walilia. Yeye alizika barafu ndani ya unga wa mbao, akafunika na magunia, na siku ya tatu ilikuwa bado inakata meno. Kuanzia hapo akawa na imani moja, na aliitangaza kama padri: kitu cha maana, weka kwa barafu. Samaki kwa barafu. Dawa ya homa kwa barafu. Hata kitabu chao cha ndoa kilikaa ndani ya plastiki chini ya mikebuka, samaki wetu wa ziwa.

"Ndoa haitaoza," alisema.

"Lakini itanuka," nilimujibu.

Sasa huu mukasa ulianzia kwenye mukanda wa suruali. Ruben aliona mukanda haufiki tena tundu lake la zamani, akasogeza tundu moja, halafu la pili, halafu akauacha, akajifunga kamba.

"Philomène, unanilisha sana," alisema.

"Nakulisha nini? Tumbo linanenepa, mabega yanakonda. Chakula changu kimepotea njia?"

Alikuwa anatoa jasho mpaka shuka linakamuliwa. Akapewa dawa ya malaria mara tatu, na ya tifoidi mara moja kwa heshima. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, kulikuwa kitu kigumu kama ubao: bandama, imevimba mpaka kitovuni. Siku moja alipokuwa anafunga wago akaona giza, akaanguka katikati ya reli, ndipo Philomène akamubeba, kweli kumubeba, mpaka hospitali.

Mutu wa labo pale ni Papa Célestin, mufupi, miwani imefungwa na uzi, anaongea polepole kama mutu anayehesabu. Alihesabu chembe nyeupe za damu ya Ruben. Mutu muzima ana chini ya elfu kumi. Ruben alikuwa na elfu mia mbili na themanini.

"Nilifikiri mashine imelewa," Célestin alisema. "Nikarudia. Haijalewa."

Munganga akawaambia wazi: ni kansa ya damu. Lakini kansa za damu ni za aina nyingi, kama samaki wa ziwa, na dawa ya moja si dawa ya nyingine. Iko aina moja yenye kidonge. Mutu anakunywa kila siku na anaendelea na kazi yake. Vidonge hivyo vinatoka kwa watu wa musaada, vinafika Lubumbashi, na havitoki bila karatasi. Karatasi hiyo inatakiwa iseme kwamba ndani ya chembe za damu kuna alama fulani, kitu kilichovunjika. Hakuna alama, hakuna kidonge.

"Na mashine ya kuangalia hiyo alama iko wapi?" Philomène aliuliza.

"Lubumbashi," Célestin alijibu. "Hapa sina."

Ruben hakuweza kusafiri. Bandama ya namna ile, gari likiruka shimo moja inaweza kupasuka, na ndege munganga hakutaka hata kuisikia. Basi damu ndiyo isafiri. Célestin akamuchoma, akajaza kichupa cha kifuniko kijani, akakizungushia pamba, akakiweka ndani ya kisanduku.

"Ifike ndani ya siku mbili," alisema. "Na isipigwe na jua. Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

Philomène alikuwa anakipeleka kwa Dédé, mufanyabiashara wa vikwembe, vitenge vya kina mama, ambaye alikuwa anapanda ndege siku hiyo. Njiani akafungua kisanduku kidogo. Akagusa kichupa. Kilikuwa vuguvugu! Damu ya mume wake, saa nne asubuhi, mwezi wa kumi wa joto, inasafiri mbali hivyo, vuguvugu? Alipita kwake. Akavunja barafu nzuri, ile ya maji yaliyochemshwa, akajaza kisanduku mpaka juu. Akakifunga na kanda. Mimi nilimuona, na sikusema kitu. Ningesema nini? Hata mimi muuza chumvi niliona amefanya vizuri.

Siku kumi zilipita. Karatasi ikarudi. Célestin akaisoma, akavua miwani, akamutuma mutu kumuita.

"Mama Philomène, nani aliweka damu hii kwenye barafu?"

"Mimi. Na ilikuwa barafu safi!"

"Iliganda."

"Njo vizuri basi, kitu kikiganda hakiozi."

Célestin akakaa. Akamueleza kama anavyoeleza mutu anayemupenda. Ndani ya kila chembe kuna vijiti vidogo sana, arobaini na sita, wanaviita kromozomu, na alama ya kidonge inatafutwa kwenye namba tisa na namba ishirini na mbili. Havionekani ovyo. Vinaonekana pale tu chembe inapojigawa kuwa mbili. Watu wa Lubumbashi wanailisha damu, wanaingoja ianze kujigawa, halafu wanaikamata hapo hapo na kuipiga picha. Na chembe iliyokufa haijigawi.

"Kumbe damu inatakiwa ifike hai," alisema Philomène.

"Hai. Mama, wewe kazi yako ni kutunza vitu vilivyokufa. Hakuna anayekushinda hapa Kalemie. Lakini huyu si mukebuka."

Ninaambiwa alisema, "Nimekosa." Sikuwepo, ndiyo maana ninasema ninaambiwa. Miaka kumi na saba sijawahi kusikia neno hilo kwake.

"Na mbona hukuniambia?" akaongeza.

"Nilisema isipigwe na jua. Nilisahau ninaongea na wewe."

Habari inatembea hapa Kalemie kuliko pikipiki. Kabla ya jioni kaka wa Ruben, Pontien, alikuwa amefika na suti yake ya mazishi. Pontien ni mukubwa wa ukoo na anapenda kujulikana hivyo. Akakaa kwenye kiti cha Ruben bila kuambiwa.

"Damu ya mudogo wangu imeganda mikononi mwa muke wake," alisema. "Miaka miwili yeye anakauka na biashara yako inanenepa. Watu wanauliza maswali, shemeji."

"Watu gani? Wataje, nijue nani nisimukopeshe samaki."

"Iko kambi ya maombi upande wa Nyunzu. Atafunga siku ishirini na moja."

"Atafunga? Mutu huyu? Atafunga na macho kabisa!"

Ruben, pale kwenye mukeka, akatumia maneno yake ya siku mbili. "Kaka," alisema. "Tujaribu tena mara moja."

Pontien akaangalia dari. Akatoa hukumu: mara moja. Karatasi ya pili ikirudi bila kitu, anamuchukua Ruben siku hiyo hiyo, na Philomène asitie neno. Philomène akakubali mbele ya watu. Sasa mukishajua hilo, mujue na hili: kule kwenye kambi hakuna hata panadol, na damu ya elfu mia mbili na themanini haingoji siku ishirini na moja.

Kesho yake alikuwa labo kabla Célestin hajafungua mulango.

"Niambie inataka nini. Si barafu. Sawa. Inataka joto?"

"Joto pia linaiua. Inataka katikati. Digri ishirini, ishirini na tano. Kama asubuhi yenye kivuli."

"Kisanduku chako bila barafu, kwenye jua la uwanja wa ndege, ni chungu cha kuchemshia."

"Najua," alisema Célestin. "Na pakiti za kutunza ubaridi wa kiasi hicho niliomba mwaka jana. Bado naomba."

Philomène akasimama hapo, akishika mulango. Asubuhi yenye kivuli. Alijua kitu kinachotaka asubuhi yenye kivuli. Siagi! Siagi ya Pepa ukiipa jua inakuwa mafuta, na kule njiani barafu ilitoka wapi? Mama yake hakuona barafu mpaka uzee. Elisabeth alikuwa anaangusha mugomba, anabandua maganda ya shina, yale meupe yenye vyumba vidogo vidogo vya maji ndani kama sega la nyuki, anaiviringisha siagi ganda juu ya ganda, anafunga na kamba ya huo huo mugomba. Kila kijito analowesha juu, halafu anaacha upepo upite. Siku mbili za kutembea, na siagi inafika Moba imesimama.

"Papa Célestin, nikopeshe kile kijiti chako cha kupima joto."

"Cha nini?"

"Nikopeshe kwanza, uliza baadaye."

Alirudi na mugomba muzima begani, akitoa jasho, akitukana njia yote. Akaufunga ule mupimo ndani ya maganda manne, akaulowesha, akauweka kwenye kivuli chini ya meza yake ya samaki, mahali upepo wa ziwa unapita. Saa nane muchana, jua limesimama juu ya vichwa vyetu kama mudai, Célestin alikuja mwenyewe na koti lake jeupe katikati ya magamba ya samaki. Nje ilikuwa digri thelathini na mbili. Akafungua ganda. Akasoma. Akafuta miwani kwa shati, akasoma tena.

"Ishirini na tatu," alisema.

"Njo hiyo," alisema Philomène. "Shule yangu iliishia darasa la tano. Ya mama yangu haikuanza. Toa damu."

Safari hii hakumupa Dédé. Alipanda mwenyewe, na tikiti aliilipa kwa kuuza ile kongelateri inayonguruma. Saa mbili asubuhi Ruben akachomwa. Saa tatu Philomène alikuwa uwanja wa ndege, kifurushi chake cha mugomba ndani ya kikapu, chupa ya maji mukononi. Ndege iwe saa nne. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Saa nane mutu mumoja wa kizibao cha njano akatoka, akasema ndege imelala Kinshasa, warudi kesho.

Watu wengine walipiga kelele. Yeye hakuwa na nafasi ya kelele. Alikuwa anahesabu: siku mbili, na masaa sita tayari yamekwenda. Alirudi nyumbani, akakitundika kifurushi chini ya baraza, mahali penye upepo, akakaa kando yake kama mutu anayelinda mutoto mwenye surua. Anagusa, ananyunyiza, anabadilisha ganda la nje likinyauka. Ruben alimuangalia kupitia mulango.

"Ungenipenda hivyo nikiwa muzima," alisema. Maneno manne. Alikuwa amezidisha.

"Ukiwa muzima unanuka grisi. Lala!"

Asubuhi ndege ikaja. Lakini kwenye meza ya kukagua mizigo kulikuwa kijana wa sare mupya, amekunja uso kama cheo chake.

"Mama, migomba haipandi ndege. Hii ni nini?"

"Ni bwana yangu."

"Bwana yako yuko ndani ya mugomba?"

"Vijiko viwili vyake. Ile ingine iko nyumbani."

Foleni ikaanza kucheka. Kijana akanyoosha mukono. "Fungua."

"Baba, barua ya hospitali hii hapa, ina muhuri, soma. Ukifungua, jua linaingia. Likiingia, anakufa. Akifa, nitarudi hapa na wewe njo utakuwa mume wangu, na uliza soko zima ninavyopika."

Kijana akasoma barua. Akaisoma mpaka muhuri. Akamupisha.

Lubumbashi alifika labo saa kumi jioni, masaa thelathini na mbili tangu Ruben achomwe. Aliyemupokea ni mwanamuke kijana, Clémence, glovu mikononi. Aliona kikapu, akaona ganda linadondosha maji, akauma mudomo asicheke. Halafu akaingiza mupimo wake.

"Ishirini na mbili," alisema, na kicheko kikaisha. "Mama, watu wanatuletea damu kwa gari lenye klima ya kupoza hewa na inafika imeiva. Nani amekufundisha?"

"Siagi," alisema Philomène.

Ilibidi kungoja. Damu inalishwa, inawekwa kwenye joto la mwili, inaachwa iote, na hakuna wa kuiharakisha. Philomène alilala kwa binamu yake, na kila asubuhi alikuwa mulangoni mwa labo kabla ya mulinzi. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu Clémence alitoka akitabasamu.

"Zimeota, mama. Zinajigawa vizuri kabisa."

Hiyo ilikuwa nusu ya njia. Maana kuota ni kuota, na alama ni alama. Damu ingeweza kuota vizuri na alama isiwepo, na huko Kalemie Pontien alikuwa ameshaongea na mwenye gari la Nyunzu. Philomène akapiga simu kwa akina mama wa kanisa lake, akawaagiza wafunge na kuomba ile alama ionekane imevunjika.

"Tuombe Papa Ruben awe amevunjika?" aliuliza kiongozi wao.

"Ndiyo! Na muombe kwa nguvu!"

"Dada, maombi ya namna hiyo hatujawahi kuyafanya."

"Basi mutajifunza. Namba tisa na namba ishirini na mbili. Mungu anajua hesabu."

Na waliomba. Nilikuwepo. Mwanamuke mumoja alilia machozi akimusihi Bwana avunje, halafu akauliza pembeni tunavunja nini.

Siku ya sita Clémence alimuita ndani, akamukalisha mbele ya kioo cha kompyuta. Vijiti vimepangwa viwili viwili, kama samaki wadogo waliowekwa safu kwenye chanja. Akamuonyesha kwa kalamu: namba tisa hii ni ndefu kupita mwenzake. Namba ishirini na mbili hii imekatika mukia. Kipande cha hii kimehamia kwa ile, na cha ile kwa hii. Katika chembe ishirini alizozikagua, zote ishirini ziko hivyo.

"Njo alama yenyewe?" aliuliza Philomène. "Ile ya kidonge?"

"Njo yenyewe, mama."

Basi alipiga vigelegele. Ndani ya labo, mbele ya mikroskopu! Vilitoka mulangoni, vikaenda koridoni, wagonjwa wakasimama. Muzee mumoja aliyekuwa anangoja na karatasi zake akauliza, "Mumepata mutoto?"

"Hapana, papa," alisema, akimushika mikono yote miwili. "Tumepata hitilafu!"

Alirudi na karatasi ndani ya sidiria na kisanduku cha kwanza cha vidonge ndani ya kikapu kile kile. Kikao cha ukoo kilijaa. Pontien alikuwa na suti ileile, begi la safari la Ruben tayari miguuni pake. Akaisoma karatasi, akaigeuza nyuma kama mutu anayetafuta jina.

"Sawa, imevunjika," alisema. "Ninachouliza mimi, nani alivunja?"

Na hapo Ruben akainuka, akiegemea ukuta. Alisema mengi siku hiyo kuliko mwaka mzima.

"Kaka, mimi ni mutu wa kufunga mawago. Treni namba tisa imesimama, treni namba ishirini na mbili imesimama. Kunatokea kosa. Mukia wa hii unafungwa kwa ile, na wa ile kwa hii. Ile fupi inaondoka bila breki, haijui kusimama. Ndiyo chembe zangu hizo, zinazaliwa tu, zinazaliwa tu. Kidonge hiki ni breki. Na nimeona mawago yakifunguka miaka ishirini na sita. Haihitaji muchawi, kaka. Pini moja inatosha."

Pontien alifungua mudomo. Philomène alimuwekea kiganja cha karanga ndani ya mukono.

"Tafuna, shemeji," alisema. "Usiseme na karanga mudomoni."

Ruben anakunywa kidonge chake kila siku baada ya bukari, ugali wa hapa kwetu, na glasi kubwa ya maji. Mwanzoni miguu ilimukaza usiku na macho yakavimba, na kila mwezi Célestin anamuchoma kidole. Mwezi wa tatu chembe nyeupe zilikuwa elfu saba. Munganga alibonyeza upande wa kushoto, akabonyeza tena, akasema ile bandama haisikiki tena chini ya vidole. Kidonge hakiachwi hata kwa siku moja, na hilo analisimamia mutu munayemujua. Mukanda umerudi tundu lake la zamani, na kamba aliifungia mbuzi.

Philomène alinunua kongelateri nyingine, inayonguruma kidogo. Kitabu cha ndoa amekitoa, kiko kabatini, na ndiyo, kinanuka. Na nyuma ya labo ya hospitali Célestin amepanda migomba sita kwa mukono wake. Tangu hapo damu za watu wanne wengine zimeshapanda ndege ndani ya maganda. Manesi wanaitwa kwanza kwa Philomène kufundishwa kubandua, na anawafundisha kwa matusi.

Juma lililopita nilimukuta Ruben amechuchumaa mbele ya kongelateri mupya. Amechuchumaa, mutu ambaye kwa bandama ile hakuweza kufunga kamba ya kiatu. Ana kopo la rangi nyekundu, ile ya mawago, na anaandika kwa herufi kubwa, akitoa ulimi kama mutoto wa darasa la kwanza. Pontien alikuwa anapita kununua mikebuka. Akasimama, akasoma kwa sauti:

"BARAFU NI YA SAMAKI. DAMU HAPANA."

Akasoma tena, kimya. Halafu akamuangalia Philomène, na nikaona bega lake moja linatingishika, halafu la pili, mpaka suti yote ya mazishi ilikuwa inacheka.

"Shemeji," alisema, akifuta macho, "nipe wawili wakubwa. Wale wasionuka."

"Hakuna anayenuka," alisema Philomène. "Panga foleni."